Tupeane uzoefu: Muda wa kusoma CPA ukiwa kazini unautoa wapi?

#1

Wakuu, mitihani ya CPA (cheti cha mhasibu wa kitaaluma) ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi Tanzania, ni Mei na Novemba, na kila msimu swali ni lilelile: unatoka ofisini saa kumi na mbili, foleni mpaka saa mbili usiku, unasoma saa ngapi? Hapa tulete mbinu tu. Nani karudia mara ngapi na bosi wake mkali kiasi gani, tuyaache. Leteni saa, ratiba, hesabu, na pale panapoharibika.

Naanza na kalenda. Tafuta ile ya ukutani ya karatasi. Kabla hujaandika neno "kusoma", weka alama siku ambazo kazi itakumeza: tarehe 7 kwa PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), tarehe 20 kwa VAT, siku tatu za mwisho wa mwezi na nne za mwanzo kwa kufunga hesabu. Kama kampuni yako inafunga mwaka Desemba, kuna awamu za kodi ya makadirio mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mkesha wa siku hizo andika sifuri. Watu wengi hupanga ratiba kana kwamba wiki zote zinafanana, halafu wiki ya kufunga mwezi ikipita bila kusoma wanaona wameshaharibu, wanaacha kabisa.

Sasa piga hesabu. Kuanzia 1 Agosti hadi pepa za Novemba ni kama wiki 13. Dakika 75 za asubuhi kwa siku 5 ni saa 6 na robo. Jumamosi saa 4, Jumapili saa 2. Jumla saa 12 na robo kwa wiki, mara 13 ni kama saa 159. Wiki tatu za kufunga mwezi zihesabu nusu, toa saa 18. Toa na wiki moja nzima ya msiba, homa au mgeni asiyetarajiwa, kwa sababu itakuja tu. Unabaki na saa 128 au 129. Masomo mawili, kila moja linapata saa 64. Masomo manne, saa 32 kila moja, na saa 32 hazimalizi hata kulisoma kitabu cha ripoti za fedha mara moja. Masharti ya idadi ya masomo kwa ngazi yako yasome kwenye mtaala wa bodi kabla hujalipa ada, usisikilize ya vijiweni.

#2

Kwa walio kwenye kampuni za ukaguzi hiyo kalenda inageuka. Januari hadi Aprili wateja wengi wa Desemba ndio wanakaguliwa, kwa hiyo mkaguzi anayepanga "nitaanza Februari kwa pepa ya Mei" hajapanga kitu. Mzigo wa Mei uanze Novemba, katikati ya Januari uwe umeshapitia mtaala wote mara moja, ili miezi ya fildi (kazi kwa wateja) iwe ya maswali mafupi tu. Somo zito lipelekeni Novemba.

Ukiwa fildi mkoani usibebe kitabu. Chapisha pepa nne za nyuma, toboa, weka kwenye faili. Bodi hutoa maswali ya misimu iliyopita pamoja na majibu ya mfano, tumieni hayo. Majibu yakae bahasha nyingine, mkoba mwingine. Yakikaa pamoja na maswali utayachungulia, huo ndio ukweli.

Na kazi yenyewe ifanye darasa: umetoka kuhesabu stoo, usiku fungua ISA 501 (ISA ni viwango vya kimataifa vya ukaguzi) kwa dakika 15. Umepeleka barua za uthibitisho benki, ISA 505. Umebishana na mteja kuhusu makadirio ya madeni mabovu, ISA 540. Ila tahadhari, kazini unaweza kunakili faili la mwaka jana na likapita. Mtihani unauliza kwa nini hiyo taratibu imefanyika na inajibu hatari ipi, na hapo ndipo wakaguzi wenyewe wanapoangukia kwenye pepa ya ukaguzi.

#3

Serikalini ni hadithi nyingine. Mwaka unafungwa 30 Juni, hesabu zinatakiwa kwa CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kabla ya Septemba kwisha. Maana yake Julai hadi Septemba, pamoja na Agosti na Septemba ambazo #1 anazihesabia kwenye wiki zake 13, wewe uko kwenye MUSE (mfumo wa malipo na hesabu wa serikali) unatafuta salio lisilokubali. Mpango unaofaa: pepa nzito Mei, nyepesi Novemba, na Novemba yenyewe ihesabu wiki tano tu za kweli, Oktoba nzima na siku chache pembeni.

Kitu kingine kinachosahaulika: ukishinda kwenye IPSAS (viwango vya uhasibu vya sekta ya umma) kila siku, mada za viwango vya kampuni kama kodi iliyoahirishwa ya IAS 12 au faida kwa hisa ya IAS 33 hukutani nazo kazini. Ongeza saa huko. Usijidanganye kuwa uhasibu ni uleule.

#4

Muda bora ni alfajiri, saa kumi hadi saa kumi na moja na robo. Lakini alfajiri inatengenezwa usiku. Ukiamka ndipo uanze kutafuta kalamu na kuamua usome nini, dakika 20 zimekwenda. Kabla ya kulala:

andika namba ya swali juu ya karatasi tupu. Weka kalamu mbili, rula na kalkuleta ileile utakayoingia nayo ukumbini. Chai kwenye chupa. Simu chumba kingine, kengele ya kuamsha iwe ya saa ya kawaida. Taa ya kuchaji ijazwe, maana umeme ukikatika saa kumi na nusu hutaanza kutafuta mshumaa.

Na ulale saa nne. Anayelala saa sita akaamka saa kumi atadumu siku nne, ya tano atalala juu ya daftari, na wiki ya pili atasema alfajiri haimfai.

#5

Alfajiri ni ya wasio na mtoto anayenyonya, mkuu wangu. Mtoto naye anaamka saa kumi.

Njia mbadala kwa walioko Dar: toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kabla barabara haijajaa. Kutoka Mbezi au Gongo la Mboto utafika mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, ofisi tupu, unasoma mpaka saa moja na dakika arobaini na tano. Foleni uliyoikwepa ndiyo saa uliyoipata. Ila ongea na mlinzi mapema, na usiwashe kompyuta. Ukiwasha tu, barua pepe ya jana inakuona.

Jioni baada ya kupika na kuogesha watoto usijipangie mahesabu. Jipangie kusahihisha, yaani kulinganisha jibu ulilofanya asubuhi na jibu la mfano. Kichwa kilichochoka kinaweza kusahihisha, kutunga jibu hakiwezi. Na nyumbani semeni wazi, Jumamosi saa mbili hadi saa sita baba yupo na watoto. Isiposemwa inakuwa "si upo tu hapo umekaa".

#6

Mmeongea sana kuhusu saa, niongezee kinachofanyika ndani yake. Muda mzuri ni wa maswali. Muda mbovu (kwenye mwendokasi, foleni ya benki, salon) ni wa kusoma na kusikiliza. Wengi wanafanya kinyume: saa nzuri ya alfajiri wanapigia mistari ya rangi kwenye kitabu.

Pepa ya saa 3 yenye alama 100 inakupa dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 ni dakika 36. Weka saa mezani, dakika ya 36 weka kalamu chini hata kama mizania haijakaa sawa. Halafu endelea kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi ya kwanza ndiyo alama zako za kweli.

Mfano wa kwa nini kusoma bila kufanya hakusaidii. Hesabu za kundi: kampuni mama imenunua asilimia 80 ya tanzu tarehe 1 Oktoba, mwaka unafungwa 31 Desemba. Baada ya ununuzi, mama kaiuzia tanzu bidhaa za milioni 60, kwa faida ya asilimia 25 juu ya gharama. Theluthi moja bado iko stoo.

Kosa la kwanza, mtu anaingiza mapato ya tanzu ya mwaka mzima badala ya miezi 3 kati ya 12. Kosa la pili, faida iliyomo kwenye stoo: bidhaa zilizobaki ni milioni 20, anapiga asilimia 25 anapata milioni 5. Sivyo. Asilimia 25 ni ya gharama, kwa hiyo ni 20 × 25/125, yaani milioni 4. Kosa la tatu, anawakata wanahisa wachache (wenye ile asilimia 20 ya tanzu) sehemu yao ya hiyo milioni 4. Muuzaji ni mama, wachache hawaguswi. Angeuza tanzu, wangebeba asilimia 20, yaani laki nane.

Ukisoma jibu lililoandikwa tayari, yote matatu utaona ni rahisi na utatikisa kichwa kukubali. Kwenye karatasi tupu ndipo kalamu inasimama.

Kwa hiyo fungua daftari la makosa, safu tatu: swali, kosa, sababu. Sababu isiwe "haraka". Andika "nilisoma asilimia juu ya gharama kama asilimia ya bei". Kurasa hizo ndizo za kusoma kwenye daladala.

#7

Kwa sisi wa Pwani na Visiwani tunaolenga Mei: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya maandalizi. Baada ya futari na tarawehe mwili umeshachoka, usipange chochote kizito. Muda mzuri ni baada ya daku, ukishaswali alfajiri, mpaka kwenye saa moja: tumbo lina kitu, nyumba imetulia. Saa nane hadi saa kumi mchana kichwa kinakuwa kizito, wekeni nadharia nyepesi, maadili na utawala bora kwa mfano. Wiki ya Idd ihesabuni sifuri kabisa, msijidanganye.

#8

Huku Kenya mitihani ya Kasneb (bodi ya mitihani ya uhasibu) ni Aprili, Agosti na Desemba, kwa hivyo kupanga ni tofauti kidogo: misimu imekaribiana na mtu hushawishika kurukia kila mmoja. Hapo ndipo mtu huchoka. PAYE ni tarehe 9, VAT tarehe 20, hizo ziandikeni kwa kalenda vile #1 amesema.

Kwa wale wa ACCA (cheti cha uhasibu cha Uingereza), misimu ni minne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na mtihani ni wa kompyuta. Usifanye mazoezi yote kwa karatasi. Mtu anajua kazi lakini anapoteza dakika kutafuta jinsi ya kuandika fomula kwenye jedwali. Kuanzia wiki ya sita kabla ya mtihani, kila swali refu lifanyie kwenye mfumo wa mazoezi wa ACCA wenyewe, ni wa bure. Na andika fomula kwenye seli, usiandike jibu tupu ulilotoa kwa kalkuleta. Msahihishaji akiona fomula anaweza kukupa alama za njia, akiona namba mbovu peke yake hana cha kukupa.

#9

Mada ya madesa (notsi) ya kurithi. Yanaokoa muda, na pia yanauua. Fungua ukurasa wa mikataba ya kupangisha: ukiona IAS 17, funga, hayo ni ya kabla ya 2019, sasa ni IFRS 16. Ukiona IAS 18 kwenye mapato, yamepitwa tangu 2018, ni IFRS 15. Na IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1 kuanzia 1 Januari 2027, kwa hiyo mpangilio wa taarifa ya faida na hasara unabadilika, angalieni msimu wenu uko upande gani.

Kodi ndiyo hatari zaidi. Sheria ya Fedha huanza 1 Julai kila mwaka, viwango vinabadilika. Msome tangazo la bodi la sheria zinazotumika kwa msimu wenu kabla hamjakariri hata asilimia moja.

#10

Likizo. Sheria ya Ajira inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, ndani yake zimo Jumapili na sikukuu. Omba kwa barua, miezi mitatu kabla, zigawanywe: siku 10 ziishie siku ya pepa ya mwisho, zilizobaki baadaye. Barua iandike tarehe za mitihani na jina la atakayeshika kazi yako, bosi akiona kuna mtu wa kushika hana sababu ya kukataa. Siku zenyewe zisiangukie mwezi mmoja kabla ya mtihani. Utapumzika, utasahau, utarudi kazini wiki ya kufunga hesabu.

Kwa Novemba, tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, fanya pepa nzima kwa saa zake halisi, saa tatu bila kunyanyuka. Mkono nao unahitaji mazoezi: watu wanaochapa siku nzima kazini wanashindwa kuandika zaidi ya saa moja na nusu, mwandiko unaharibika, alama za swali la nne zinapotea. Kwa Mei kuna Aprili 26, sikukuu ya Muungano.

#11

Makundi ya WhatsApp je, yanasaidia?

#12

Ya watu 200 hapana, ni majina ya walioomba pepa na salamu za asubuhi. Ya watu watatu au wanne ndiyo. Jumapili saa kumi na mbili jioni kila mmoja anatuma picha ya swali alilofanya kwa muda, kurasa zote, na anasahihisha la mwenzake kwa mgawanyo wa alama. Asiyetuma mara mbili mfululizo anatolewa, bila kununiana.

#1

@12 ongezea hapo: msahihishaji atoe alama kwa nusu nusu, na aandike pembeni dakika ambayo kalamu ilibadilika rangi. Wa Novemba walio tayari kuunda kundi la somo la ripoti za fedha waandike hapa chini ngazi na siku wanayopatikana.