Binti yangu ni mkimbiaji, vyuo viwili vya Marekani vimemwandikia. Nitajuaje kipi kitamtunza?

Fundi wa Mabehewa (Tabora)

Wadau, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni fundi wa reli hapa Tabora. Binti yangu wa pili ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita mwaka huu na kupata Divisheni ya Pili. Saa kumi na moja alfajiri tunatoka nyumbani Cheyo, yeye kwa miguu, mimi nyuma yake kwa baiskeli na tochi, tunashika barabara ya Kwihara mpaka karibu na Tembe la Livingstone, tunageuza. Mita 3,000 amewahi kuzikimbia kwa dakika 10 na sekunde 14 kwenye mashindano, uwanja wa vumbi, viatu vya kuazima. Mwalimu wake wa michezo akatuma video na matokeo kwa makocha wa vyuo vya Marekani. Viwili vimejibu.

Cha kwanza kipo Divisheni 2 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Picha zake zinavutia: uwanja wa tatani (ule wa sakafu ya mpira), basi la timu lenye nembo, chumba cha mazoezi kama hoteli. Wanampa asilimia 60. Cha pili ni chuo kidogo cha NAIA, chama kingine cha aina hiyo, mji wenyewe nimeutafuta kwenye ramani nikaukosa mara mbili. Hao wanasema watalipa vyote mwaka wa kwanza, kisha wataangalia. Binti anataka cha kwanza. Mimi sina hoja ya kumzuia wala ya kumruhusu.

Behewa najua kulipima. Nainama, nagonga gurudumu kwa nyundo, nasikiliza. Lenye ufa halitoi mlio wa lililo zima, hata kama limepakwa rangi jana. Kwenye hivi vyuo nigonge wapi?

Kuna kijana pia anajiita wakala, anataka shilingi milioni 1.8 ili "asukume faili". Nimemwambia asubiri.

Mwana wa Mwandiga (Kigoma)

Mzee wangu, shikamoo. Huyo wa milioni 1.8 mwache leo leo. Kocha akimtaka mwanariadha anamwandikia mwenyewe, anapiga simu mwenyewe, na huko hakuna faili la kusukumwa. Barua pepe ya kocha iwe ya chuo, na jina lake liwepo kwenye tovuti ya chuo.

Kisha tuelewane kuhusu hizi divisheni, kwa sababu watu wengi wanadhani ni kama za NECTA. Hazipimi akili. NCAA ina tatu. Ya 1 na ya 2 zinatoa ufadhili wa michezo, ya 3 haitoi hata senti kwa ajili ya michezo, ingawa inaweza kukusaidia kwa taaluma au hali ya kipato. NAIA ni chama kingine kabisa, vyuo vyake vingi ni vidogo, na kinatoa ufadhili. Kila chama kina ofisi yake ya kuhakiki vyeti na ustahiki wa mwanariadha, kwa hiyo matokeo yake ya NECTA, ya kidato cha nne na cha sita, yaandaliwe mapema. Na kama aliwahi kupokea bahasha kwenye mbio za barabarani, hata laki mbili, aandike lini na wapi, aseme ukweli akiulizwa. Mwanafunzi anayegundulika alificha anaumia kuliko aliyesema.

Mhasibu wa Isevya (Tabora)

Asilimia 60 ya nini? Hilo ndilo swali la kwanza.

Fundi wa Mabehewa

Barua inasema asilimia 60 ya "masomo". Ada yao ni dola 18,000 kwa mwaka, malazi na chakula 12,000, bima ya afya 2,000.

Mhasibu wa Isevya

Basi tupige hesabu. Asilimia 60 ya 18,000 ni dola 10,800. Gharama zote ni 32,000. Zinabaki dola 21,200 juu yako, kila mwaka. Kwa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni milioni 53. Bado nauli, bado vitabu, bado koti. Sijui mshahara wako, mzee, lakini najua reli inavyolipa.

Na chuo hakitatoa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka kione fedha za walau mwaka wa kwanza zimethibitika. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350 na ada ya viza dola 185, na hizi ukilipa halafu ukanyimwa viza hazirudi. Kabla ya kulipa chochote soma tovuti ya ubalozi siku hiyo hiyo, kanuni zinabadilika.

Riadha ni mchezo ambao kocha ana fungu moja analigawa kwa wengi. Huyu asilimia 60, yule 20, yule vitabu tu. Si ajabu wala si dharau. Lakini kabla hujashukuru, omba maandishi yanayosema dola ngapi, kwa kitu gani, kwa miaka mingapi.

Kikosi Kwanza

Mpelekeni jeshini. Alphonce Simbu aliyetupa dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo mwaka 2025 ni mwanajeshi, na hakupitia chuo chochote cha Marekani. Mtoto akae karibu na kwao, ale vizuri, akimbie.

Binti Ujiji

Baba, shikamoo. Nimesoma swali lako nikalisoma tena. Mimi nilitoka Ujiji nikiwa na miaka 20 kwenda kukimbia huko. Jina la chuo silitaji. Nitakueleza mahali pa kugonga.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Huko mbio ni misimu mitatu: mbio za nyika kuanzia Septemba, uwanja wa ndani wakati wa baridi, uwanja wa nje kuanzia Machi. Mkimbiaji wa mbali yupo kwenye yote mitatu, hapumziki kama wenzake wa mpira. Kanuni ya NCAA inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki msimu ukiwepo, na siku moja ya mapumziko. Lakini saa za kukaa kwenye basi hazihesabiwi, wala saa za kutibiwa. Nilikuwa nafanya mtihani wa kemia Jumatatu baada ya kusafiri usiku kucha.

Mwaka wa pili, Februari, muundi wangu wa kushoto ukaanza kuuma. Kwanza baada ya mazoezi, kisha wakati wa mazoezi, kisha nikipanda ngazi za bweni. Nilinyamaza. Kocha aliyenileta alikuwa amehamia chuo kingine Desemba, na huyu mpya alikuwa bado ananitazama. Kuna jambo jingine, baba, nalisema kwa heshima kwa sababu ni binti yako: nilikuwa nimekosa siku zangu miezi mitano. Kocha alikuwa akitupima uzito mbele ya wenzetu, nami nikawa nakula kidogo ili mizani ipendeze. Mwili usiposhiba unaanza kukopa kwenye mifupa. Walipopiga picha, mfupa ulikuwa na ufa.

Hawakunifukuza siku ile. Ndani ya kipindi cha ufadhili, kanuni haziruhusu kukukata kwa sababu umeumia. Walisubiri mwaka uishe. Vyuo vinatakiwa vitoe taarifa ya kuhuisha au kutohuisha kabla ya tarehe 1 Julai, na yangu ilifika mwisho wa Juni, aya mbili. Nilimaliza shahada kwa sababu mwalimu mmoja wa kemia alinipigania nikapata ufadhili wa taaluma, na kazi ya kuosha vyombo vya maabara saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo mwisho kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, muhula ukiendelea.

Kwa hiyo usimuulize kocha kuhusu siku ambayo binti yako atashinda. Muulize kuhusu siku ambayo hawezi kukimbia. Nani anamtibu, yupo kila siku au anakuja Alhamisi tu? Bima inalipa kuanzia dola ya kwanza au baada ya yeye kulipa kiasi fulani? Mwanariadha wa mwisho aliyeumia na kukosa msimu mzima, ufadhili wake ulihuishwa? Je, naweza kuzungumza naye? Kocha akiondoka, ahadi iko kwenye karatasi ya chuo au kinywani mwake? Mtaalamu wa lishe yupo, na mizani inatumikaje? Mabweni yakifungwa Krismasi, mtoto wa kutoka Tabora analala wapi? Hilo la mwisho nalikumbuka kuliko yote. Nililala siku 11 kwenye kochi la rafiki, theluji dirishani, nikila wali mtupu.

Na zungumza na binti aliyeacha timu. Walio ndani hawawezi kukwambia yote.

Kocha wa Nyika (Kasulu)

Dada amemaliza mambo ya muhimu. Mimi naongeza kitu ambacho mzee anaweza kukifanya kwa simu yake leo usiku bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuna tovuti inaitwa TFRRS, inahifadhi matokeo ya riadha na nyika ya vyuo vya Marekani. Tafuta chuo, fungua orodha ya wasichana ya miaka minne nyuma. Chukua daftari. Andika majina ya walioingia mwaka wa kwanza mwaka 2021, kisha uwafuate 2022, 2023, 2024. Wangapi wapo mpaka mwisho? Muda wao wa mita 5,000 unashuka au unapanda? Chuo kinachochukua wasichana wanane na kubaki na wawili kina tabia fulani, hata kama hao wawili wana medali. Kisha angalia wageni. Kama timu nzima ya mbio ndefu ni wa kutoka nje na kila mwaka ni sura mpya, jiulize wale wa jana wako wapi.

Ya pili ni takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani zinazoitwa EADA. Vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinalazimika kutangaza kila mwaka wanariadha wangapi kwa kila mchezo, makocha wangapi, fedha kiasi gani kwa wanawake na kiasi gani kwa wanaume. Humo utaona kama kocha mmoja anahudumia watu 80.

Jambo la kuangalia sasa: tangu makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025, vyuo vya Divisheni 1 vilivyoingia kwenye mpango mpya wa kuwalipa wanariadha vina ukomo wa wakimbiaji 17 wa nyika kwa timu. Wanaobaki nje wanashuka kutafuta nafasi chini. Ahadi ya mdomo aliyopewa binti yako leo inaweza kuhamia kwa mwingine kesho.

Kwa anayesema jeshini: ni njia halali, naiheshimu, na vijana wangu wawili wamekwenda huko. Lakini huyu ana Divisheni ya Pili na anataka kusoma. Tusimnyang'anye kimoja.

Mzee wa Stesheni

Vijana mkumbuke kwamba barabara hii si mpya. Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga wote walikimbilia chuo cha Texas kule El Paso. Nyambui akaja kuchukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Nyakati zile tulisikia habari zao redioni tu, hakuna aliyeweza kukagua kitu. Leo baba anakagua akiwa Cheyo. Kagua, mwanangu.

Fundi wa Mabehewa

Wadau, nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni sana, na Binti Ujiji Mungu akulipe. Mke wangu alisoma maneno yako akaenda kukaa na mtoto chumbani saa nzima, mimi sikuingia.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Nimechora mistari kama ya ukaguzi wa mabehewa, majina kushoto, miaka juu. Chuo chenye picha nzuri: mwaka 2021 waliingia wasichana tisa wa mbio ndefu, mwaka wa nne walikuwepo wawili. Chuo kidogo: waliingia watano, wakabaki wanne. Muda wao haukushuka kwa kishindo, unashuka sekunde chache chache kila mwaka, kama mtu anayepanda ngazi akiwa ameshika ukuta.

Kisha tukawapigia makocha wote wawili, mwalimu wake akitafsiri pale Kiingereza kilipotukimbia. Niliuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Wa kwanza alijibu kuhusu viatu, safari na tatani. Nilipofika kwenye mwanariadha wa mwisho aliyeumia, akasema angenitumia barua pepe. Leo ni siku ya sita.

Wa pili, mwanamke, alinyamaza kidogo, akasema yupo mmoja amevunjika kidole cha mguu mwezi wa nane, na kesho yake yule binti akapiga kwa video. Ana kiatu kikubwa cha plastiki mguuni. Alituonyesha chumba chake, jiko, na dirisha linaloangalia mahindi. Binti yangu alimuuliza kama wanapimwa uzito. Akasema hapana, ila kila Jumatatu wanaulizwa wamelala saa ngapi. Krismasi analala kwa familia ya mwalimu mmoja, na chuo ndicho kinapanga hilo.

Kwa hiyo moyo umeelekea kwa chuo kidogo, na mtoto naye, ingawa bado anaangalia picha za ule uwanja. Simlaumu.

Kimebaki kitu kimoja. Barua yao bado inasema mwaka mmoja. Nimemwambia kocha kwamba nataka niione imeandikwa upya, iseme miaka minne, na iseme mtoto akiumia inakuwaje, yenye sahihi ya chuo na si yake peke yake. Amesema ofisi inakaa Alhamisi. Ikifika nitaiweka hapa, nikiwa nimefuta majina, Mhasibu anisaidie kuisoma mstari kwa mstari.