Toughbook CF-31: hela ni ya kitu kimoja, skrini au betri ya pili?

gereji_ya_kona
Wakuu, CF-31 ya gereji, ile laptop ngumu ya Panasonic, imegoma. Skrini giza, na betri ya pili, ile inayokaa kwenye nafasi ya DVD, haiingizi chaji. Hela iliyopo ni ya kitu kimoja. Nitengeneze skrini, ninunue betri, au niiuze nichukue Dell Latitude Rugged ya mtumba? Nataka kulipa Jumamosi.

mzee_wa_mita
Giza la namna gani? Ukimulika tochi kwa pembeni unaona ikoni kwa mbali? Ukichomeka monita ya nje na kubonyeza Fn+F3, picha inatoka? Taa ya betri namba 2 inafanyaje? Bila hayo tunapiga ramli.

gereji_ya_kona
Monita ya nje safi. Kwa tochi ikoni zinaonekana. Taa inawakawaka nyekundu.

seli_tatu
Nyekundu ya kuwakawaka ni hitilafu ya betri au ya sehemu ya kuchaji. Ingekuwa inawakawaka rangi ya chungwa ningesema subiri, joto la betri liko nje ya kiwango. Hamishia betri hiyo kwenye CF-31 nyingine kabla hujalipa. Ikigoma huko pia, betri imekufa.

mzee_wa_mita
Kwenye skrini, paneli haijaharibika, ila taa ya nyuma haipati umeme. Jaribu Fn+F2, huenda mwanga umeshushwa tu. Kuna pia ile hali ya kujificha ya Fn+F8, lakini kwa kawaida huzima hata vitaa vya betri, na chako kinawaka. Skrini ilifunguliwa karibuni?

gereji_ya_kona
Ndiyo, mwezi jana. Fundi alibadilisha kioo cha mguso.

mzee_wa_mita
Sasa hilo ndilo ungeanza nalo! Kosa la kawaida la mashine zenye betri mbili: fundi anachomoa chaja na betri kubwa, anadhani umeme umekwisha, kumbe ya pili iko ndani na bodi bado ina umeme. Akirudisha waya wa skrini kwa mshazari, pini ya umeme inagusa ya jirani na fyuzi ya taa ya nyuma inakatika papo hapo. Picha inabaki, mwanga unapotea, na mteja anauziwa paneli nzima asiyoihitaji. Toa betri ZOTE MBILI, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 10, kisha pima fyuzi ndogo karibu na kiunganishi cha waya huo. Mita ikiwa kwenye kipimo cha mlio isipolia, imekatika. Weka ya ampea zilezile, usiunganishe kwa risasi: ikitokea shoti tena, itaungua njia ya bodi. Na kabla ya kuwasha, kagua waya pale kwenye bawaba.

kariakoo_used
Achana nayo, chukua Latitude 5414.

seli_tatu
Ya mtumba nayo inakuja na betri zilizochoka. Ukienda kununua, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt ya Windows, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa kwa kila betri. Chini ya nusu, shusha bei.

fufua_betri
Hiyo ya pili ibadilishwe seli tu, nafuu.

seli_tatu
Nafuu mpaka chipu ijifunge. Seli zikikatwa, bodi nyingi za betri hujiona zimeharibika, na hata seli mpya hazichaji. Na seli iliyolala chini ya volti 2.5 usiilazimishe, inaweza kushika moto.

kariakoo_used
CF-31 ya nini siku hizi? Kama unaitakia bandari yake ya siriali ya kupimia magari, nunua adapta ya USB ya bandari hiyo, shida imeisha.

mzee_wa_mita
Adapta zipi? Za chipu bandia ya Prolific, Windows inaonyesha hitilafu ya Code 10 na hakuna mawasiliano. Bora za chipu halisi ya FTDI, na hata hizo baadhi ya programu za zamani za lori hazizipendi.

fufua_betri
Programu gani hizo? Mimi natumia adapta ya chipu ya CH340, haijawahi kukataa.

gereji_ya_kona
Wakuu, fyuzi yenyewe inauzwa moja moja au kwa pakiti?