Picha za babu zinaota ukungu: nizihifadhije hapa Lamu?

Swali:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kila aliporejea kutoka Mombasa au Zanzibar aliwapiga picha jamaa wote wakiwa wameketi barazani kwetu, mtaa wa Mkomani. Zimebaki 19. Baadhi zimeshikana, na ile ninayoipenda kuliko zote, ambayo bibi amempakata mama yangu akiwa mchanga, imeanza kuota ukungu. Nifanyeje?

Jibu la kwanza:
Pole sana, dada. Zilizoshikana usizibandue kwa nguvu. Adui mkubwa ni unyevu wa bahari, kwa hiyo ziweke kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na kuta zetu za matumbawe ambazo hufyonza maji. Kabla ya yote, zinakili kwa kamera karibu na dirisha, pasipo jua kali.

Jibu la pili:
Naongeza jambo moja: andika majina nyuma ya kila picha kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya. Mimi nilichelewa. Katika picha yetu ya siku tulipovuka kwa mashua hadi Manda kutazama magofu ya Takwa, yupo mtoto aliyemshika mama mkono, na hakuna aliyebaki wa kuniambia ni nani.

Muulizaji:
Ahsanteni mno. Bibi yu hai na anakumbuka vyema. Leo baada ya alasiri nitakwenda kwake na penseli.