Mjadala: Programu za hesabu za mabinti weusi pekee, ziendelee au fedha zirudi shuleni?

Wadau, kwenye kikao cha wazazi huku California baba mmoja alisema programu za Jumamosi za mabinti weusi ni ubaguzi, fedha zake ziende shule za umma. Siku ya tatu leo bado linanikera.

Kimberly Bryant, mhandisi wa umeme, alianzisha Black Girls Code, shirika la kuwafundisha mabinti weusi kuandika programu za kompyuta, mwaka 2011 baada ya bintiye kwenda kambi ya kompyuta na kujikuta binti mweusi peke yake. Mtoto aliye peke yake akikosea hesabu huona amewaaibisha wote wa rangi yake. Akiwa na wenzake, anafuta, anaanza upya.

Na hizo shule za umma tunazoambiwa tuzisubiri? Mwaka 2014 San Francisco iliisogeza aljebra kutoka darasa la 8 hadi la 9, kwa nia njema ya kupunguza pengo la matokeo kati ya wanafunzi wa rangi mbalimbali. Wenye uwezo wakawalipia watoto wao masomo ya nje. Machi 2024 wapiga kura wakapiga kura kutaka irudishwe darasa la 8. Miaka 10! Binti wa darasa la 8 angesubirije?

Mchangiaji: Dada, nakuelewa, ila Jumamosi anafika nani? Mwenye mzazi mwenye gari. Mimi nina zamu za wikiendi, binti yangu hajawahi kukanyaga huko. Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA aliyehakiki hesabu za safari ya mwanaanga John Glenn mwaka 1962, hakutoka kambini. Chuoni mwalimu wake, Claytor, alimtungia somo zima la jiometri, mwanafunzi akiwa yeye tu. Tupeni walimu wa hivyo.

Mleta mada: Lakini kaka, Claytor alikuwa mweusi, na chuo chenyewe kilikuwa cha weusi. Aliona kipaji ambacho wengine wangekipita. Hapo ndipo ninaposimama, na "weusi pekee" siliachii.

La gari sina jibu, umenishinda. Basi programu ihamie ndani ya shule, jioni baada ya vipindi, na basi la kuwarudisha watoto nyumbani liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Kuna mdau ambaye shule ya mwanawe inafanya hivyo? Nataka kujua basi linalipiwa na nani.