Mnaofunga transmita mnarani bila aisoleta (kifaa kinachozuia nguvu ya nje kurudi ndani ya transmita), mnaweka roho za wagonjwa rehani

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Natunza ripita ya VHF (mtambo unaopokea sauti za redio na kuzirusha upya) ya magari ya wagonjwa kwenye mnara wa kukodi kilimani. Tangu waingie wapangaji wawili wapya, kampuni ya ulinzi kwenye 154.200 MHz na ya mabasi kwenye 153.600, hatuna raha. Wote wawili wakirusha kwa pamoja, ripita inaziba. Dereva anaita na mjamzito anayetoka damu yuko nyuma, hospitali inasikia mikwaruzo na vipande vya sauti za walinzi.

Masafa mawili yakichanganyika huzaa mengine. Zidisheni 154.200 mara mbili, mtoe 153.600. Jibu ni 154.800, na hayo ndiyo masafa ya risiva yetu! Hesabu ya mtoto wa shule, na hakuna aliyeipiga kabla ya kupandisha antena.

Mwenye mnara ananijibu, "Weka filta kwenye risiva yako." Filta gani, jamani? Uchafu unakuja juu ya masafa yangu yaleyale. Nikiuchuja, namchuja na dereva. Na nilipima. Niliweka atenyueta (kipunguza nguvu ya mawimbi) ya dB 3, yaani desibeli 3, mbele ya risiva, mwingiliano ukashuka dB 3 tu. Ungekuwa unazaliwa ndani ya risiva ungeshuka karibu dB 9. Unatoka nje, basi.

Antena zao zimebanana. Nguvu ya huyu inaingia kwa mwenzake, inashuka na kebo mpaka kwenye hatua ya mwisho ya transmita, inachanganyika humo na kurushwa upya. Transmita ya wati 50 inaweka volti 50 kwenye kebo ya omu 50, wakati risiva yangu inatafuta robo ya maikrovolti. Hapo uchafu kidogo tu unatosha kutuzima.

Dawa inajulikana: aisoleta kwenye kila transmita, filta ya keviti (inayopitisha masafa yake tu) baada yake, antena zipishane juu na chini badala ya ubavu kwa ubavu. Boliti zenye kutu nazo zing'olewe, maana kutu pia huchanganya masafa. Gharama ni ya anayerusha, siyo ya anayesikiliza.

Mpaka vifungwe, mmoja wao azimwe. Aliyewahi kumbana mwenye mnara kwa mkataba aniambie alitumia kifungu gani, maana wangu unasema tu "wapangaji wasisumbuane".