Watafiti wa sumukuvu Dodoma: mnaondoka na mahindi, mnatuachia lawama

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira na sitauremba. Mavuno yakianza magari ya watafiti wa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi, yataingia tena Chemba, Kondoa, Bahi na Kongwa, na waelimishaji wa vijiji, yaani wahudumu wa afya ya jamii na maafisa ugani, watapigiwa simu jioni: "Kesho saa mbili tuko kijijini kwako, tuandalie kaya 30." Kaya 30 kwa usiku mmoja zinapatikana kwa ndugu, majirani na wanaokaa kando ya barabara. Halafu ripoti itaandika kwamba kaya zilichaguliwa kwa nasibu.

Hakuna anayepinga utafiti. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mkoani Dodoma na Manyara, na kaburi la mtoto halihitaji kufafanuliwa. Tunachokataa ni mwelimishaji kutumika kama mtu wa kupiga hodi tu.

Anzeni na sampuli. Mtafiti anafungua gunia moja, anachota kilo moja juu juu, anaandika namba ya kaya, anaondoka. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Bambo, yaani kile chuma cha kuchomea gunia na kutoa punje, lichomwe juu, katikati na chini, kwenye kila gunia linaloliwa, hadi zifike kilo 2 au zaidi. Changanya, saga zote, ndipo maabara ipime gramu zake. Na hizo kilo 2 zirudishwe palepale kwa mahindi mengine, kwa sababu ni chakula cha watu.

Tena ulizeni ni gunia lipi. La kuuza limepepetwa na kuchambuliwa, na mgeni ndilo anaonyeshwa. La kula ni lingine. Punje mbovu zilizochambuliwa hazitupwi, zinakwenda kwenye pombe na kwa kuku, na moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Mwelimishaji wa kijiji anayajua haya yote, lakini dodoso lilipoandikwa hakuitwa. Ameitwa siku ya kutafsiri, tena papo kwa papo mlangoni, kwa bibi anayezungumza Kigogo au Kisandawe. Wafasiri watano, maswali matano tofauti, na mnayaita takwimu. Tafsiri ikae kwenye karatasi, mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya mwanzo bila kuiona ya awali, kisha ijaribiwe kwenye kaya 10 za kitongoji kisichohusika na utafiti.

Linalouma zaidi ni kuvunjiana heshima mbele ya watu. Waelimishaji wanafundisha kipimo cha chumvi: chumvi iliyokaushwa vizuri na mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri kama dakika 15, angalia kama chumvi imeganda kwenye kuta za chupa. Mtafiti anakuja na mashine ya kupima unyevu, inasoma asilimia 14, anatangaza uani: "Huyu amewadanganya, hayajakauka." Hakuna aliyedanganya! Chumvi huacha kuganda unyevu ukishuka chini ya asilimia 15 hivi, wakati mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi 13.5. Kilichohitajika ni sentensi moja: chumvi ikiacha kuganda, ongezeni siku za kuanika juu ya turubai. Sasa mwaka mzima kaya ile haitamsikiliza mwelimishaji, na mwenye mashine yuko mjini.

Damu nayo. Mnataka damu ya watoto kutafuta alama za sumukuvu mwilini, na fomu ya ridhaa ya kurasa nne inasomwa mbio mbio. Mnashangaa wakisema mumiani wamekuja? Onyesheni chombo chenyewe. Semeni ni mililita 5, kijiko kimoja cha chai, inakwenda maabara gani, itakaa muda gani, mabaki yatafanywa nini. Nakala ya fomu na namba ya simu inayopokelewa vibaki nyumbani. Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kinaruhusu kazi ianze, hakimtoi mama hofu. Na orodha za majina na simu za wanakijiji zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Malipo niyapitie haraka: siku ya mwelimishaji iingie kwenye bajeti kama siku ya kazi, kwa maandishi, kabla hajatoka kwake. Soda na nauli si mkataba.

Kubwa kuliko yote ni majibu. Kwetu mvua ni msimu mmoja, mavuno ni Mei na Juni. Jibu la baada ya miaka miwili linahusu mahindi yaliyokwishaliwa. Kaya ipewe jibu lake kwa siri, kwenye bahasha, mwelimishaji akiwepo kulieleza. Msisome majina mkutanoni; habari ikifika soko la nafaka la Kibaigwa, mkulima yule hauzi. Mkutano mkuu wa kijiji upewe hali ya kijiji kizima tu. Na kabla ya bambo la kwanza kuchomwa, mkubaliane na serikali ya kijiji: mahindi ya kaya yakizidi kiwango cha mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, nani anabadilisha chakula, na ndani ya siku ngapi? Bila hilo mnamtuma mwelimishaji akamwambie mama atupe chakula pekee alichonacho.

Kwa wenye miradi inayoingia mavuno haya, andikeni hapa chini: kata gani, majibu yanarudi tarehe gani, na fungu la kubadilisha chakula ni kiasi gani. Watendaji wa vijiji mliomo humu, msigonge muhuri barua yoyote isiyo na hayo matatu.