Nina laki tisa ya kamera ya kwanza: nichukue D3300 na lenzi ya 50?

Kijana_wa_Mbagala: Wakuu habari za humu. Nimechoka kupiga kipaimara kwa simu. Kuna jamaa Kariakoo ana Nikon D3300 used na lenzi yake ya 18-55, anataka 750,000. Akiniongezea 50mm f/1.8D, hela yangu yote imeisha. Kazi zangu ni send-off na kitchen party, nyingi usiku, sebuleni au chini ya turubai. Nilipie?

Fundi Mwanga: Hiyo 50 iache, mkuu. D3300 haina mota ya fokasi (ya kulenga picha iwe kali) ndani ya bodi, na lenzi za D zinaitegemea mota hiyo. Utakuwa unazungusha pete kwa mkono huku bibi harusi anapita. Tafuta yenye maandishi AF-S, hiyo ina mota yake ndani ya lenzi.

Bi Shata: Mdogo wangu, hata ya AF-S, 50 kwenye sensa hiyo ndogo (kipande kinachonasa picha) inaona kama 75, yaani inavuta karibu, lazima urudi nyuma. Sebule zetu unazijua. Mimi niliwahi kuegemea kabati la vyombo nikitafuta nafasi, glasi mbili zikaanguka. Tafuta 35mm f/1.8G DX (DX ni lenzi za sensa hiyo ndogo). Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa, kwa hiyo f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara tisa ya hapo.

mzee wa flashi: Mimi ningeanza na flashi, uielekeze kwenye dari jeupe. Ila kwenye turubai hakuna dari, kwa hiyo Bi Shata kanishinda.

Fundi Mwanga: Kabla ya hela kutoka mfukoni, imulike lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Joto na unyevu wa Dar vinaotesha fangasi kwenye kioo. Halafu piga picha moja kwa memori kadi yako, ukasome EXIF (taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha): Nikon huandika humo shata, lile pazia linalofunguka kila picha, imepiga mara ngapi.

Kijana_wa_Mbagala: Nimerudi hivi punde. Shata 14,212, bodi safi. Ila 18-55 ina vijinyuzi pembeni kama utando wa buibui. Jamaa anasema ni vumbi, eti nikifuta linatoka. Bodi peke yake laki tano na nusu.

Bi Shata: Vumbi gani linaota matawi? Chukua bodi tu, inayobaki weka kwenye 35. Na chaja akupe, wengi huwa "wanaisahau" nyumbani.